Sahani ya Mhandisi Semboja

Mahali nilipoandika "sinia" palisomeka "mlezi". Neno moja tu lilikuwa limebadilishwa katika ripoti yangu nzima, na nilipoliona damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi nilisema Mzee Athumani Kijazi wa Ngamiani aliuawa na sinia la pilau. Mabwana wa kampuni yangu walikuwa wanasema aliuawa na binti yake.

Sikubisha hodi. Mhandisi Hemedi Semboja, mkurugenzi wa Shanga Tiba, alikuwa mezani kwake anakula chakula cha mchana kwenye trei la kampuni, lile lenye vyumba: wali chumba chake, samaki chumba chake, tikiti chumba chake. Shingoni alivaa kidani kama wavaaji wetu wote, na jicho dogo la kidani lilikuwa linamulika trei kwa taa ya kijani.

"Mbwana," akasema. "Karibu chakula."

"Asante, nimeshiba hasira. Nani ameigusa ripoti yangu?"

"Imehaririwa."

"Ripoti ya mchimbuzi haihaririwi, Mhandisi. Iko kwenye sheria."

"Sheria inasema mchimbuzi ataisoma kwa kinywa chake. Haisemi nani aiandike." Akafuta midomo kwa kitambaa. "Kaa kwanza."

Sikukaa. Kazi yangu pale ni kuchimba. Mtambo wetu ukileta madhara, mimi ndiye ninayeteremka ndani ya programu kutafuta kilichoanza, siyo kilichoonekana. Watu wengi wakikuta maji sakafuni hupiga deki na kuondoka. Mchimbuzi analipwa ili afuate maji mpaka kwenye bomba.

Na bomba la kidani nililiona. Kidani hutazama chakula kabla hujala na hutazama tena ukimaliza. Kilichopungua hukihesabu kuwa kimeingia tumboni mwako, kisha hukudungia dawa ya kisukari kwa kipimo hicho hicho. Hakuna sindano, hakuna kujitoboa kidole, hakuna kukumbuka saa. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini wakae wanaume watano kuzunguka sinia moja, walimalize pamoja kama Mungu alivyopenda watu wale, na kidani cha mmoja wao kitaamini kuwa mwenyewe amelifagia sinia zima peke yake. Kitamshindilia dawa ya watu watano. Sukari inaporomoka, jasho linamtoka, macho yanamlegea. Wenzake wanadhani ni usingizi wa shibe, wanamtilia mto kichwani apumzike. Haamki tena.

Siku za kawaida watu hupakuliwa sahani, kwa hiyo kosa hulala. Huamka siku za furaha. Pangani liliua harusini. Korogwe liliua kwenye maulidi. Mzee Athumani alikufa siku ya Idi, amezungukwa na wajukuu, na binti yake Mwanakombo ndiye aliyemwekea mto.

"Nilizitazama picha za vidani vyote vitatu," nikamwambia Semboja. "Picha ya mwisho kila kimoja ilipiga ni sinia, na mikono ya watu imezunguka. Pangani mkasema ni mtandao dhaifu, mkabadilisha antena. Korogwe mkasema ni betri, mkagawa betri mpya. Sasa Ngamiani ni mlezi. Mmebadilisha kila kitu isipokuwa kinachoua."

"Mbwana, punguza sauti."

"Nimepunguza."

Kwetu mtambo ukiua mtu, kampuni haimalizani na familia kwa barua wala kwa bahasha. Kuna Sheria ya Mzizi. Kampuni lazima ije msibani, ikae mkekani na wafiwa, na mchimbuzi aseme kilichoua na kitakachofanywa ili kisiue tena. Matanga hayaanuliwi mpaka familia itamke kwamba imeridhika. Kifaa cha serikali kinachoitwa Sikio huwekwa katikati ya mkeka, kinasikiliza. Sababu ile ile ikiridhiwa katika misiba mitatu, Sikio halisubiri mahakama wala waziri. Linauzima mtambo nchi nzima hadi mzizi ung'olewe. Na neno la mchimbuzi mbele ya Sikio ni kiapo: akisema misiba iliyopita ilipewa sababu ya uongo, Sikio huihesabu upya.

Ni sheria nzuri, na wajanja walishaliona tundu lake. Ukitaka sababu isifike mara tatu, ipe jina jipya kila mara. Mchimbuzi aliyenitangulia alisoma Pangani, akasoma Korogwe, kisha akapandishwa cheo. Mimi nilizitoa Korogwe na Pangani kwenye kumbukumbu nikazichimba upya, na pale chini nikakuta jambo lililonitia uchungu kuliko yote. Wakati kidani kinajaribiwa, kulikuwa na milo ya sinia. Wafanyakazi wetu ni watu wa Tanga, wanatoka nyumba zenye masinia, siku moja ya sikukuu wakaleta biriani maabara wakala kama wanavyokula kwao. Takwimu za siku ile zikaja za ajabu. Badala ya kujiuliza kwa nini, mtu akaifuta ile milo, akaandika pembeni kwamba imechafua hesabu. Kuanzia siku hiyo yakanunuliwa matrei yenye vyumba, kila mtu na lake, na wakaguzi wa leseni walipokuja wakakuta watu wa Tanga wanakula kama wako ndani ya ndege.

"Unajua Mwanakombo ana mtoto?" nikamuuliza. "Zuhura, miaka sita. Anavaa kidani chetu."

"Najua."

"Mlezi akitajwa kuwa ndiye sababu, haruhusiwi kumlea mvaaji yeyote. Mtamchukua mtoto mumpeleke kituoni."

"Ni kwa muda. Mpaka mama amalize mafunzo."

"Mafunzo ya nini? Ya kupakua pilau?"

Semboja akalisogeza trei pembeni, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Sitaki kumsingizia. Hakuwa mtu wa kucheka misiba.

"Sikiliza, Mbwana. Tuna wavaaji elfu arobaini. Ukilitaja sinia, familia ikaridhia, vyote vinazimika papo hapo. Kuna bibi mmoja kule Lushoto haoni, anaishi peke yake. Nani atamvutia dawa kwenye sindano? Kuna watoto walioanza matibabu kwa kidani, mama zao hawajawahi kuishika sindano. Wewe unamwokoa mwanamke mmoja asisemwe vibaya. Mimi nahesabu wale watakaoanguka kesho asubuhi."

Hilo ndilo lililonikera zaidi. Maneno yalikuwa ya kweli, yametoka kwenye kinywa kisichostahili kuyasema.

"Sheria inatulazimisha tuweke akiba ya sindano kwa siku kama hiyo," nikasema. "Zipo ghalani, nimeziona. Kwa nini hazijagawiwa toka Pangani?"

"Ukizigawa, umekiri."

"Na programu mpya, ile ya kuhesabu mkono unaokwenda mdomoni badala ya sahani? Vijana walishaianza."

"Inahitaji miezi. Hatuna miezi." Akasimama, akavaa koti. "Utakuja, utasoma kilichoandikwa. Ukikataa, atasoma mwingine, na yeye hatamwonea haya yule mama hata kidogo."

Nikaichukua ripoti yao nikaikunja mfukoni. Sikujua nitafanya nini nayo. Tukaondoka pamoja kwenda msibani Ngamiani.

*

Tulikuta khitma imekwisha. Turubai lilikuwa limetandwa mbele ya nyumba, wanaume wamekaa mikekani, wanawake wako ndani na kwenye kibaraza. Tukatoa salamu, tukashikana mikono mkono mmoja mmoja, poleni, tumeshapoa. Hakuna aliyetutazama vibaya. Wangetutukana ningejisikia nafuu.

Nililiweka Sikio katikati ya mkeka. Ni kisanduku kidogo, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, na kilipowashwa kilitoa mlio mmoja kikatulia. Mlangoni alikaa Mwanakombo, amejifunika leso mbili, macho yamevimba. Zuhura alikuwa amelala mapajani mwake na kidani kinamulika taratibu shingoni.

"Shikamoo, mama," nikamwambia bibi aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa Bi Saumu, dada wa marehemu, mtu mzima wa sauti nzito.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kutusomea?"

"Ndiye mimi."

"Utasoma tukishakula. Mtu hasomewi kifo na njaa."

Birika na beseni vikapitishwa, tukanawa. Kisha masinia yakaja yamefunikwa kawa. Mjomba wa Mwanakombo akasogea kutupa nafasi, tukawa watano kwenye sinia moja, na Semboja mmoja wetu. Kawa ikafunuliwa. Mvuke wa pilau ukapanda.

Nitasema nilichokitaka wakati ule, kwa sababu nilikitaka kwa moyo wote. Nilitaka ale. Nilitaka ashindwe kukataa mbele ya watu, atie mkono, ale na kushiba, kisha alale usingizi wa shibe kama Mzee Athumani. Niliutazama mkono wake wa kulia, umelowa maji ya kunawa, umesimama hewani juu ya wali.

Mkono ukarudi. Semboja akamwinamia yule aliyebeba birika, akanong'ona.

"Ndugu yangu, samahani. Naomba sahani."

Msibani watu hawaombi sahani. Utagusa tonge moja, utasema umefunga, utasema umekula ulikotoka, yote yanasameheka. Lakini hujitengi. Mjomba aliacha mkono wake kwenye wali. Mwenye birika akaingia ndani, na nikasikia maneno yanapita jikoni, mgeni anataka sahani yake, mgeni wa kampuni, halafu sauti za wanawake zikakatika.

Aliyetoka na sahani ni Bi Saumu mwenyewe. Sahani ya udongo yenye maua, ile ya kuwekea wageni wa heshima. Akaiinamisha mbele ya Semboja lakini hakuiachia.

"Nani kakwambia sinia letu lina kasoro, baba?"

"Hapana, mama. Ni tumbo tu. Daktari amenishauri."

"Daktari kakwambia ule wali huu huu, kwenye sahani."

Semboja akajitia kucheka. Hakuna aliyecheka naye. Na Mwanakombo akanyanyua uso akamtazama. Hakutazama sahani. Alikitazama kidani kwenye shingo ya mkurugenzi, kisha akakitazama cha mtoto wake. Nikaona kitu kinampita usoni polepole. Mimi nilihitaji wiki nzima ndani ya programu kukipata. Yeye alikipata kwa sababu aliona mtu mzima anaogopa pilau.

Nami nikaacha kujiuliza. Mtu huyu alikuwa anajua. Siyo kwa ripoti yangu, ambayo ina siku chache tu. Mtu hazoei kuogopa sinia kwa siku chache. Alijua tangu Korogwe, pengine tangu Pangani, akaichukua hadhari ile akaiweka kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe. Elfu arobaini aliokuwa akinihesabia walikuwa wakila sikukuu bila kuambiwa.

"Bi Saumu," nikasema, "naomba nisome sasa. Chakula kingoje."

Akanitazama, akamtazama Semboja. "Funikeni," akasema, na kawa zikarudishwa.

*

Nikaligusa Sikio. Likatoa mlio wa pili, maana yake linaandika.

"Mimi ni Mbwana Shekue, mchimbuzi wa Shanga Tiba. Nimeletwa kusema kilichomuua Mzee Athumani Kijazi." Ripoti yao ilikuwa mfukoni. Niliiacha huko. "Nimepewa maneno ya kuwasomea. Yanasema aliyekosea ni mlezi. Ni uongo. Mwanakombo hakukosa kitu."

"Mbwana," akasema Semboja kwa sauti ya chini.

"Kidani hakijui watu wanakula pamoja. Hicho ndicho kilichomuua. Kiliona sinia limekwisha kikadhani kalimaliza yeye. Ndicho kilichomuua mtu Pangani harusini, na Korogwe kwenye maulidi. Huko waliambiwa mtandao, waliambiwa betri. Mzizi ni huo huo mmoja, nao ulionekana maabara kabla ya kidani hata kimoja kuuzwa, ukafutwa kwa sababu ulichafua hesabu."

Mjomba akasema "Lahaula" taratibu. Sikio likatoa sauti yake kavu ya kike: "Sababu imesikika. Imelingana na misiba miwili iliyotangulia kwa kiapo cha mchimbuzi. Je, familia imeridhika?"

Sikutaka Mwanakombo ajibu bila kujua. Nikageuka nikamkabili.

"Dada, nisikilize kabla hujasema. Ukisema umeridhika, vidani vyote nchini vinazimika sasa hivi. Na cha Zuhura. Mtarudi kwenye sindano, nyinyi na watu wengine wengi ambao hawazijui. Wengine wataumia. Siwezi kukuahidi kwamba hapatakuwa na atakayekufa. Ukikataa, kifaa kitangoja, na kampuni italeta mtu mwingine na maneno mengine."

"Maneno yapi?"

"Kwamba ni wewe. Na mtoto atachukuliwa."

Semboja alipiga magoti kabisa, mikono mbele. "Mama, mimi nakuomba. Usifikirie nyumba hii peke yake. Kuna vipofu, kuna wazee, kuna watoto kama huyu wako. Tupe miezi michache tu. Nitahakikisha jina lako halitajwi. Naapa. Tutaandika ni hitilafu ya kawaida."

"Hitilafu ya kawaida," Mwanakombo akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Nikuulize swali, kaka. Ile Idi, kabla ya Idi, ungetuma ujumbe mmoja kwenye hivyo vidani. Usile sinia. Maneno hayo tu. Baba angesoma, angeomba sahani, tungemcheka, angekuwa hapa." Sauti yake haikupanda. "Wewe leo umeomba sahani. Baba yangu nani angemwombea?"

Semboja akaishusha mikono yake.

"Nimemchoma baba sindano tangu nikiwa shule," Mwanakombo akaendelea. "Aliishi nazo mpaka nikaolewa, mpaka nikazaa. Kidani alivalishwa mwaka jana, akafurahi kama mtoto, akasema sasa nitakula bila kukusumbua." Akamwamsha Zuhura, akamkalisha vizuri, akaweka kiganja chake juu ya kile kidani. Bi Saumu akamshika bega.

"Tumeridhika," Mwanakombo akasema.

Sikio likalia mara tatu. Taa ya kijani kwenye shingo ya Zuhura ikafifia ikazimika, na ya Semboja pia. Hapakuwa na kishindo chochote. Mtoto aligusa shingo yake akauliza mbona imelala. Nje, nyumba ya pili au ya tatu, tukasikia mwanamke anamwita mtu kwa jina, anamwita tena, halafu simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni karibu na ile ripoti, na haikuacha.

Nikalipigia ghala kwanza. Nikawaambia wafungue milango, watoe kila sindano iliyomo, waanze na Lushoto, kuna bibi haoni. Kijana wa zamu akaniuliza kibali cha nani. Nikamwambia cha Sikio, na kama haamini aitazame taa ya mtambo pale ukutani, imezimika. Kama kuna atakayekufa kwa giza lile, jina lake litaletwa kwangu, na nitakwenda kukaa mkekani kwake na kusema mimi ndiye niliyetamka neno lililokizima kidani chake. Sitasema ni mtandao.

Mwanakombo alikuwa ameingia ndani. Akatoka na kopo la biskuti la marehemu, ambamo mzee aliendelea kuhifadhi sindano zake na kipimo cha damu, kwa kuwa hakukiamini kidani moja kwa moja hata alipokisifu. Akaichomoa chupa ya dawa kwenye kidani cha Zuhura, akampima kidole, akavuta kidogo, akamchoma mkononi huku anamwambia ahesabu mbuzi. Mtoto akalia kidogo akanyamaza. Bi Saumu akampa sahani ya maua, ile ile, na wali ndani yake.

Semboja alibaki pale pale alipopiga magoti. Alikuwa ameshika kidani chake kwa mikono miwili, anakibonyeza, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Hakuwa na sindano. Hata angekuwa nayo, niliona wazi kwamba hajui ishikwe upande gani.

Mwanakombo akamsimamia na kopo mkononi. Kwa muda nilidhani atampita, na moyo wangu mbaya ukamwomba ampite.

"Kunja shati," akamwambia.

Akakunja. Akampima, akavuta dawa kwenye chupa ya kidani cha Semboja mwenyewe, akamchoma bila upole na bila kumwumiza. Kisha akaitumbukiza sindano kwenye kopo la taka, akafunua kawa. Pilau lilikuwa limeanza kupoa.

"Ukishachomwa lazima ule," akasema. "Na hicho cha shingoni kimezimika, hakikuoni tena. Sahani imechukuliwa na mtoto. Haya, sogea hapo kwa wajomba zangu, nawa tena mkono, ule na sisi."